Baba Mkubwa Aliyefia Ziwani: Niliyojifunza Katika Kumkumbuka Mwanamaji

Vita ya Kagera, iliyopiganwa kati ya Tanzania na Uganda, husimuliwa zaidi kama vita ya nchi kavu. Wazee wakianza kuizungumza hutaja daraja la Kyaka lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin tarehe 3 Novemba 1978, hutaja Mutukula, Masaka na Lukaya, halafu Kampala iliyotekwa Aprili 1979, na katika yote hayo Ziwa Viktoria hutajwa kwa kupita tu, ilhali ndilo lililobeba sehemu kubwa ya mzigo wa vita ile. Tawi la reli ya kati huishia Mwanza. Mafuta, chakula, risasi na askari waliofika hapa kwa treni walikuwa na njia mbili za kufika Bukoba: barabara ndefu ya kuzunguka kusini mwa ziwa, ambayo masika yakikolea ilikuwa tope tupu, au meli. Kwa sababu hiyo ilibidi maji yalindwe usiku na mchana, na waliopewa kazi hiyo walikuwa askari wachache wa kikosi cha wanamaji, pamoja na watu waliolijua ziwa tangu utoto wao.

Mmoja wao alikuwa baba yangu mkubwa. Aliuawa kwa risasi mwanzoni mwa mwaka 1979, wiki chache kabla ya Masaka kutekwa, akiwa katika boti ya doria upande wa magharibi wa ziwa. Jina lake limeandikwa mahali ninapopaeleza baadaye. Hapa silitaji kwa kuwa wanawe wameniomba libaki nyumbani, na ombi lao naliheshimu.

Alikuwa mtu wa Ukerewe. Kabla ya kuingia jeshini alivua sato na ningu pamoja na babu, enzi ambazo sangara alikuwa hajaenea ziwani na nyavu zilijaa furu hata watu wakachoka kuwala. Baadaye alikwenda Kigamboni kwa mafunzo ya wanamaji, akarudi likizo mara chache akiwa amenyoa kichwa na kunyoosha mgongo, na akaacha kwa mkewe sanduku la bati ambalo mama mkubwa hakuruhusu mtu yeyote kulifungua. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Mwanza. Habari za kifo chake zililetwa kijijini na mwenyekiti wa kijiji akifuatana na ofisa wa jeshi aliyevaa sare, na sisi wa mjini tuliitwa kwa salamu zilizotumwa na abiria wa meli ya Nansio. Hapakuwa na kaburi la kuchimba, maana mwili ulikuwa umezikwa Kagera pamoja na wapiganaji wengine. Matanga yalikaa, ngoma za kilio hazikupigwa kwa sababu ya hali ya vita, na watu wazima walijadiliana kwa sauti ya chini kama inafaa kunyoa nywele ilhali hakuna aliyeona maiti. Babu aliamua kwamba wanyoe.

Tarehe 29 Machi mwaka huohuo ndege ya Libya, nchi iliyokuwa imemsaidia Amin, ilikuja kupiga maghala ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama kadhaa waliohifadhiwa pale. Nakumbuka vioo vilivyotikisika, na baba aliyetoka nje akasimama uani akitazama upande wa ziwa, asiseme neno. Ndugu yake alikuwa amekwisha kufa akiyalinda maji yaleyale. Hilo nililielewa nikiwa mtu mzima. Siku ile niliona tu kwamba baba hakukimbia pamoja na majirani.

Katika miaka iliyofuata, habari ya kifo cha baba mkubwa ilikua. Nadhani kila ukoo uliopoteza mtu vitani unalijua jambo hili. Mwanzoni ilisemwa kwamba alipigwa risasi ndani ya boti. Kisha ikasemwa kwamba alipigwa akiwa ameshika bunduki ya rashasha. Nilipofika sekondari, msemaji wa ukoo alisimama katika harusi moja akaeleza kwamba shujaa wetu alizamisha boti ya adui peke yake kabla ya kuanguka. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Watu walikuwa wanampenda, walikuwa na maneno machache mno ya kumwelezea, na pengo lile walilijaza kwa kile walichodhani kinamstahili mwanajeshi. Lakini mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa bado mtoto mdogo baba yake alipokufa, aliniambia siku moja kwamba kadiri sifa zile zilivyozidi ndivyo alivyozidi kumpoteza baba yake, kwa sababu mtu anayezamisha boti peke yake hamjui na hawezi kumfikiria akila au akicheka. Kauli ile ndiyo iliyonifanya nianze kutafuta watu waliokuwa naye.

Nilianza na mama mkubwa, na kwake nilijifunza kwamba mjane si ghala la kumbukumbu la kufunguliwa kila mtu anapohitaji. Alinikaribisha vizuri, akanipa ugali na dagaa, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilimjua akiwa hapa. Ya huko majini waulize wa majini." Sikumsukuma. Miezi kadhaa baadaye, bila kuombwa, alilifungua lile sanduku mbele ya wanawe na mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na mkanda, kikombe cha bati chenye kutu ukingoni, shati moja la kiraia, na kipande cha kitambaa cha pamba kilichokuwa kimelowa grisi zamani na sasa kimekauka kikawa kigumu. Kitambaa kile kilituambia zaidi ya vitu vingine vyote, kwa sababu kijana wake wa pili, ambaye ni fundi wa injini za boti pale mwaloni Kirumba, alikishika, akakinusa, akasema: "Baba alikuwa fundi." Hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kututajia hilo. Tulikuwa tumemhesabu kuwa mpiga bunduki kwa miaka yote ile.

Mzee aliyetumikia naye tulimpata kwa kuulizana tu, mtu kwa mtu, kupitia askari wastaafu wanaokutana siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Anaishi nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Musoma, na macho yake yamepungua nguvu. Nilipomwamkia shikamoo na kujitambulisha, alinishika mkono akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kwanza habari za mke wa marehemu. Nilikuwa nimeamua kabla ya kwenda kwamba sitamwuliza habari za kifo. Niliuliza walikuwa wakila nini, wakilala wapi, boti ilikuwa na watu wangapi, baridi ya usiku walivumiliaje. Maswali ya aina hiyo mzee huyajibu bila kujilinda, na ndani ya majibu yake mlikuwa na kila kitu tulichokikosa.

Alituambia kwamba sehemu kubwa ya doria ilikuwa kusubiri na kusikiliza. Boti ilitoka jioni, ikaenda kwa mwendo wa wastani mbali na ufuko, na giza lilipoingia injini ilizimwa, boti ikaachwa ielee. Sigara haikuruhusiwa. Mazungumzo yalikuwa ya kunong'ona, na redio ya upepo ilifunguliwa kwa saa zilizopangwa tu. Sauti usiku ziwani husafiri mbali, hasa upepo wa nchi kavu unapotulia, kwa hiyo walisikia mbwa wa vijiji ambavyo hawakuviona, walisikia viboko, walisikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi. Kazi ngumu kuliko zote, alisema, ilikuwa kujua mtumbwi ule ni wa nani. Usiku wa giza la mwezi ndio usiku wa wavuvi wa dagaa, na taa za karabai zilizotawanyika juu ya maji zingeweza kuwa za watu wanaotafuta kitoweo au za mtu anayetaka uamini kwamba anatafuta kitoweo. Wavuvi walikuwa wamezuiwa kutoka usiku katika maeneo yale, lakini njaa haisomi matangazo, na watu wa pande zote mbili za mpaka walikuwa ni haohao waliooana na kuuziana samaki tangu kabla mpaka haujachorwa. Mzee alisema baba mkubwa ndiye aliyekuwa akiombwa asikilize, kwa kuwa aliwahi kuvua, na aliweza kutofautisha kasia la mvuvi anayevuta wavu na kasia la mtu anayekwenda safari. Mara nyingi alisema, "Mwacheni, huyo anavuta," na waliacha.

Nakiri kwamba habari hiyo ya kuacha ndiyo iliyonigusa zaidi. Katika sifa zote zilizotolewa kwenye harusi na misiba yetu, hakuna aliyewahi kusema kwamba wako wavuvi walioishi kwa sababu baba mkubwa alijua sauti ya kasia.

Mara ya pili nilikwenda na yule kijana wake fundi, na hapo ndipo nilipoona faida ya kumpeleka mtu mwenye taaluma ya marehemu. Mimi ningeuliza habari za ujasiri. Yeye aliuliza injini ilipozwa kwa maji ya ziwa au kwa tangi. Mzee aliinua kichwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akamwita "fundi" badala ya "mwanangu," na kuanzia hapo walizungumza wao wawili. Injini ilivuta maji ya ziwa kupitia tundu lililokuwa ubavuni, chini ya usawa wa maji, lenye wavu wa chuma wa kuzuia takataka. Katika maji ya kina tundu lile halikusumbua. Shida ilikuwa karibu na mlango wa mto Kagera, ambao unaingia ziwani upande wa Uganda, kaskazini kidogo tu ya mpaka. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia katika ziwa hili, nao huja na tope, majani, na mabonge ya mafunjo yaliyong'oka na mizizi yake. Magugu maji tunayoyalalamikia leo yalikuwa bado hayajafika ziwani, lakini mafunjo na matete yalitosha. Yakikamata kwenye wavu ule, maji ya kupozea hupungua na injini huanza kuchemka, na hapo huna muda mrefu.

Mzee alituonyesha jinsi baba mkubwa alivyoijua hali ya injini bila taa wala kusema. Alikiweka kiganja chake juu ya meza, vidole vimetanuliwa, akafumba macho. Hivyo ndivyo marehemu alivyokuwa akifanya juu ya mfuniko wa injini, kwa muda wote boti ilipokuwa ikisogea, akipima joto na mtetemo. Akiondoa mkono na kuukunja, nahodha alijua kwamba apunguze mwendo. Kijana wake aliitazama ile meza, akaweka kiganja chake pembeni ya kile cha mzee, na wakakaa hivyo wakiendelea kuulizana habari za pampu.

Kuhusu usiku wenyewe, mzee aliusimulia mwenyewe, tulipokuwa tayari tunaaga. Boti ilikuwa imeingia maji mafupi karibu na mafunjo kwa sababu walisikia injini ya boti nyingine wasiyoitarajia. Wakati wa kujiondoa, tundu la maji likaziba. Baba mkubwa alikunja mkono, akatoka chini, akachukua upondo na kwenda tezini kuusafisha ule wavu kwa nje, kazi aliyokwisha kuifanya mara nyingi mahali hapohapo. Alikuwa ameinama ubavuni risasi zilipoanza kutoka ufukoni. Zilikuwa chache na hazikudumu, alisema, pengine walipiga kwa kufuata sauti tu. Wenzake walijibu, nahodha akasukuma injini, injini ikakubali, boti ikatoka. Walipofika maji ya wazi ndipo walipomkuta amekaa chini ameegemea ukuta wa chumba cha injini, upondo ukiwa bado mikononi mwake. Hakufika Bukoba akiwa hai.

Kijana wake aliuliza swali ambalo nami nilikuwa nalo: je, alikuwa ameshausafisha ule wavu? Yaani, ni yeye aliyewaokoa? Mzee alifikiri kwa muda. Alisema hajui, na kwamba hakuna aliyejua, kwa sababu bonge la mafunjo huweza kuondoka lenyewe boti inapoyumba. "Usiandike kwamba alituokoa," aliniambia. "Andika kwamba alikuwa kazini kwake, na kwamba injini ilikubali." Nimeandika hivyo. Nadhani kuna heshima kubwa katika kukataa kumwongezea marehemu kitu ambacho shahidi wake hawezi kukithibitisha, hasa pale ambapo kuongeza kungekuwa rahisi na kila mtu angefurahi.

Tuliporudi nyumbani tuliyasoma maelezo yale mbele ya ukoo, na si wote walioyapokea vizuri. Baadhi ya wazee waliona kwamba tumempunguza: tumetoa bunduki mikononi mwake tukampa mti wa kusukumia mtumbwi. Niliwaelewa. Wao ndio waliobeba kilio kile kwa miaka mingi, na sifa zile zilikuwa sehemu ya namna walivyovumilia. Mama mkubwa, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, alisema kwamba mtu waliyesomewa siku ile ndiye mume wake, kwa sababu hata nyumbani alikuwa akiamka usiku kwenda kutazama kama mtumbwi wa babu umefungwa vizuri. Mjadala uliisha hapo.

Ziwa letu limekwisha kuwa na vita nyingine kabla ya hiyo, na nikitazama ilivyokumbukwa naona kwa nini kazi hii ya kuuliza haifai kucheleweshwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani na Waingereza walipigana humuhumu. Meli ya Waingereza iliyoitwa Sybil ilikwama kwenye miamba karibu na Majita mwaka 1914. Juni 1915 meli zilizotoka Kisumu zilivusha askari wakaishambulia Bukoba. Na Julai 1916 Mwanza yenyewe ikatekwa. Majina ya meli yamehifadhiwa, na ya makamanda pia. Lakini Waafrika waliotia kuni na makaa katika matanuri ya meli zile, walioshika usukani na kupima kina kwa kamba, ni nani leo anayeweza kuwataja? Walikuwa watu wa pwani hizihizi, na wajukuu wao pengine wanapanda feri pamoja nasi bila kujua. Vita ya 1978 bado ina mashahidi walio hai. Wengi wao wamevuka miaka 70, na kila mwaka tunawazika.

Makaburi ya mashujaa ya Kaboya yako wilayani Muleba, mkoani Kagera, na anayetoka Mwanza hufika kwa basi la Bukoba. Nilikwenda na wanawe wote. Mazingira ni safi, makaburi yamepangwa kwa safu, na askari wa pale walitupokea kwa adabu wakatuongoza. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba tulikaa muda mrefu zaidi kwenye makaburi ya wengine kuliko kwenye la kwetu. Kijana mkubwa alianza kusoma majina kwa sauti, safu baada ya safu, majina ya Kisukuma, ya Kimakonde, ya Kichaga, ya Kiislamu na ya Kikristo, na wadogo zake wakamfuata. Hatukuwa tumepanga hivyo. Tulikuwa tumekuja na maneno ya kusema kwa baba yao, lakini kwa kuwa tulikuwa tumeshayajua mengi kuhusu usiku wake, haja ya kusema ilikuwa imepungua.

Watu wa Mwanza tunajua kuomboleza wafu wa majini. Makaburi ya Igoma yanashika waliokufa katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na Ukara inashika wa MV Nyerere wa Septemba 2018. Katika misiba ile nilijifunza kwamba kilichowasumbua wafiwa kwa muda mrefu zaidi ni kutojua saa za mwisho za mtu wao, alikuwa ameketi wapi, alikuwa na nani. Familia ya mwanamaji aliyeuawa doria husumbuliwa na swali hilohilo, isipokuwa kwao lipo jibu kwa mtu fulani anayeishi mahali fulani, mradi atafutwe kwa upole na aulizwe kwanza habari za kazi yake.

Maelezo yote tumeyaandika kwa mkono katika daftari la jalada gumu linalokaa kwa mama mkubwa, ndani ya sanduku lile la bati. Ukurasa wa kwanza una jina lake kamili, jina la babu, kijiji, na kazi yake: fundi wa injini, boti ya doria. Tumetenganisha yale mzee aliyoyaona kwa macho yake na yale aliyoyasikia kwa wengine, na tumeacha kurasa tupu. Mzee alituambia kwamba nahodha wa boti ile bado yu hai, yuko Musoma kwa binti yake, na akili yake ni timamu ingawa masikio hayasikii vizuri. Kijana fundi ameshazungumza na huyo binti kwa simu, na ameandika maswali yake, la kwanza likiwa ni lile la pampu ambalo hawakulimaliza. Tunakwenda baada ya mavuno.